Jina langu limewekwa kwenye orodha ya wabia, mbona nasita kusaini?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimeisoma safu hii kimya kimya kwa muda mrefu, nikijua iko siku itanibidi niandike. Naomba usitaje jina langu wala la kampuni yetu.

Mimi ni wakili, nina miaka 36. Huu ni mwaka wa tisa nimeajiriwa katika kampuni ya mawakili. Niliingia nikiwa sijui hata kupanga jalada, nikafundishwa kazi na mbia mmoja mkubwa ambaye sote tunamwita Mzee. Ndiye aliyenipeleka mahakamani mara ya kwanza, akaniacha nisimame mwenyewe, yeye akakaa nyuma yangu akininong'oneza kifungu nilichokuwa nimekisahau. Mwaka wangu wa tatu aliniambia, "Wewe fanya kazi, nafasi yako kwenye meza ya wabia ipo." Nimeishi na maneno hayo.

Na kazi nimefanya. Saa ninazomtoza mteja zimevuka lengo kila mwaka, isipokuwa mwaka niliojifungua. Jina langu lilipelekwa kwenye kikao cha wabia mara mbili na mara mbili likarudi. Mara ya kwanza walisema bado mapema. Mara ya pili walisema kazi yangu haina dosari, ila sina wateja wangu. Hilo liliniuma, kwa sababu wateja watatu wakubwa wa Mzee siku hizi hawampigii Mzee, wananipigia mimi. Simu ikilia saa nne usiku najua ni mwanasheria mkuu wa mmoja wao. Lakini kesi ikishinda barua ya shukrani inakwenda kwa Mzee, na kwenye vitabu vya kampuni ada zote zinaandikwa kwamba yeye ndiye aliyezileta.

Wiki tatu zilizopita mbia msimamizi aliniita akanipa mkono. Wamekubali. Niliporudi mezani kwangu nikakuta mfano wa karatasi mpya ya barua za kampuni, ile yenye majina ya wabia pembeni. Jina langu limeongezwa chini kabisa, na karatasi ingali na joto la mashine. Nililia, Mama. Nikaipiga picha nikamtumia mama yangu, na tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa Mbia.

Kisha nikasoma barua ya masharti. Nitakuwa mbia wa mshahara kwa miaka mitatu. Sitapata mgao wa faida, wala sitapiga kura kwenye maamuzi makubwa. Baada ya hapo "nitafikiriwa" kuwa mbia mwenye mtaji, ikiwa nitakuwa nimeleta ada za kiwango walichotaja kutoka kwa wateja wapya. Wakinikubali nitaweka mtaji wangu, ambao sina. Wanasema watanipeleka benki nikakope. Mshahara unapanda kidogo tu. Walinipa mwezi mmoja wa kujibu na sasa zimebaki siku tisa.

Wakati huohuo, yule mwanasheria mkuu anayenipigia usiku ameniambia anatafuta naibu na angependa niwe mimi. Mshahara ni mzuri na hakuna kuhesabu dakika. Na rafiki yangu tuliyesoma naye, aliyeondoka hapa miaka miwili iliyopita akafungua ofisi yake, ananiita tukaijenge pamoja.

Mume wangu anasema nisaini, ngoja ngoja huumiza matumbo, na miaka tisa haitupwi. Mimi naogopa mambo mawili yanayopingana. Naogopa nikisaini nitakuwa nimekubali kusubiri tena kwa jina jipya. Na naogopa nikikataa nitakuwa nimemsaliti Mzee, na wale waliosema sina uchungu na kampuni wataonekana walisema kweli.

Kuna jambo jingine dogo, sijui kwa nini linanikera kuliko yote. Kila jioni najaza muda wangu kwenye mfumo kwa vipande vya dakika sita, kila kipande na mteja wa kutozwa. Juzi nilikaa saa tatu na kijana wa mwaka wa kwanza tukirekebisha hati ya madai aliyokuwa ameikosea. Nilipotafuta pa kuziandika zile saa tatu sikupaona. Nikaacha wazi, na siku yangu ikaonekana fupi.

Nifanye nini? Na je, nimwambie Mzee kuhusu hizo nafasi nyingine?

Mwenye jina chini kabisa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa kukesha na mawazo, na hongera, maana hongera yako naiona imezama katikati ya barua. Watu waliolijadili jina lako mara tatu na mwishowe wakaliandika hawakukuonea huruma.

Kabla ya safu hii nilikuwa wakili, na nilipanda ngazi hiyohiyo, kutoka kuajiriwa hadi ubia. Siku nilipopewa mkataba wa ubia nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikasaini mbele ya watu wanaonipigia makofi. Miaka sita baadaye, nilipotaka kuondoka, ndipo niliposoma kiambatisho kilichosema mtaji wangu utarudishwa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Kwa hiyo nikikuomba tusome taratibu, naomba kwa uchungu wa aliyewahi kusoma kwa haraka.

Nikikuelewa vizuri, umepewa kitu ulichokitafuta miaka tisa, na ulipokishika umekiona chepesi kuliko ulivyokidhania. Huku shukrani kwa Mzee inakushika, kule milango miwili imefunguka, na siku zinahesabika. Naomba tuanzie kwenye neno moja uliloliandika bila kulisemea zaidi: "Wamekubali." Wamekubali nini hasa?

Neno mbia linabeba watu wa aina mbili. Mbia mwenye mtaji ameweka fedha zake ndani, anagawana faida na hasara, na ana kura. Mbia wa mshahara ana jina kwenye karatasi na heshima mbele ya mteja, lakini mwisho wa mwezi analipwa kama alivyolipwa jana. Simaanishi kwamba daraja hilo ni hila. Wapo wengi waliolitumia kujifunza kuendesha kampuni kabla ya kubeba mkopo wake. Zamani njia ilikuwa kali zaidi: mtindo ambao Paul Cravath aliujenga New York mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa kuchukua vijana waliotoka chuoni, kuwafundisha kwa miaka, kisha ama wawe wabia ama waondoke. Uliumiza wengi, ila mtu alijua amesimama wapi. Daraja la katikati limepunguza makali hayo, na papo hapo limeiwezesha kampuni kusema "bado" mwaka baada ya mwaka. Wewe umeshasikia "bado" mbili. Ni haki yako kuuliza kama hii ni ya tatu.

Sheria nayo imewahi kulazimika kuchungulia chini ya jina. Mwaka 1999 kampuni moja kubwa ya Chicago iliwashusha cheo wabia zaidi ya 30. Ilipohojiwa kuhusu ubaguzi wa umri ilijitetea kwamba hao ni wabia, wenye mali, kwa hiyo sheria inayowalinda waajiriwa haiwahusu. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini haikuridhika, maana kampuni iliongozwa na kamati ndogo na wengi waliobaki hawakuwa na sauti. Shauri liliisha mwaka 2007 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 27.5 kwa wabia 32 wa zamani.

Sasa ile karatasi iliyokuliza. Naiheshimu furaha yako na ya mama yako, lakini itazame mara moja kwa jicho la wakili. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo misingi yake ilirithiwa na nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, ina kifungu cha 14 kinachosema kwamba mtu anayekubali aonyeshwe kuwa mbia anaweza kudaiwa kama mbia na yule aliyeikopesha kampuni kwa kuamini hivyo. Maana yake ni kwamba jina pembeni ya karatasi linaweza kukubebesha deni hata kama hukuwahi kuonja faida. Ndiyo maana nauliza, kampuni yenu imesajiliwa kwa mfumo gani? Kuna ubia wa kawaida, ambao mali binafsi ya mbia inaweza kufuatwa, na kuna ubia wenye ukomo wa dhima, ambao mali hiyo kwa kawaida haiguswi. Huu wa pili ulianzia Texas mwaka 1991, baada ya kuanguka kwa benki nyingi za akiba katika miaka ya 1980 na mawakili waliozihudumia kujikuta wanashtakiwa. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 2000, Kenya mwaka 2011. Kama wenu ni wa kawaida, je, barua ya masharti ina kinga ya maandishi kwamba wabia wenye mtaji watakufidia ukidaiwa? Hujaitaja. Huenda ipo na machozi yaliifunika, huenda haipo.

Tuje kwenye wateja, maana hapo ndipo naona kiini cha barua yako. Unaamini umeonewa, kwamba wateja ni wako na vitabu vinasema ni wa Mzee. Huenda ni kweli. Lakini niruhusu nikuulize kwa upole: hao watatu wanakupigia kwa sababu wamekuchagua, au kwa sababu Mzee aliwaambia wakupigie? Katika ofisi zetu tulikuwa na kipimo kimoja. Mteja anayekupigia saa nne usiku kuhusu jalada ulilo nalo anamtafuta mwenye jalada. Lakini likitokea jambo jipya kabisa, ambalo halijapewa mtu, simu ya kwanza inakwenda kwa nani? Pitia mwaka uliopita kichwani, mteja mmoja mmoja, halafu ujijibu kwa ukweli. Jibu likiwa "kwangu", una hoja nzito ya kupeleka mezani. Likiwa "kwa Mzee", hujapoteza kitu, ila utajua unachojenga bado hakijaisha.

Ama lile sharti la wateja wapya, hilo lilinifanya niweke kalamu chini. Kwa jinsi ulivyoliandika, ada za wale watatu hazitahesabiwa kwako, ila kazi yao utaendelea kuifanya wewe. Mchana utahudumia wateja wa Mzee, na wapya utawatafuta kwa saa zitakazobaki, wewe mwenye mtoto nyumbani. Baada ya miaka mitatu utapimwa kwa hizo saa zilizobaki. Sisemi walikusudia kukutega; mara nyingi masharti haya huandikwa na mtu anayenakili barua ya mwaka juzi. Ndiyo maana yanaweza kujadiliwa. Unaweza kuomba mteja mmoja kati ya watatu aandikwe kwa jina lako, au ada zigawanywe kati yako na Mzee, au iwekwe tarehe ambayo wateja hao watakabidhiwa kwako rasmi, kwa kuwa Mzee naye hatafanya kazi milele na kampuni inahitaji kujua nani atawashika. Hatari yake ni kwamba unaweza kuambiwa chukua au acha. Na neno "utafikiriwa" liombee vipimo: ada kiasi gani, wanaamua akina nani, na ikishindikana unabaki wapi.

Kuhusu mtaji, usione aibu kuomba kuona hesabu. Anayetaka kukuuzia sehemu ya nyumba hukufungulia mlango ukatazama. Uliza kampuni ina mikopo kiasi gani, pango linaisha lini, kazi kiasi gani imefanyika ambayo ankara hazijatumwa, na ankara ngapi zimetumwa zikakaa miezi bila kulipwa. Faida ya kampuni ya mawakili mara nyingi iko kwenye karatasi kabla haijafika benki, na katika nchi nyingi mbia mwenye mtaji hutozwa kodi kwa sehemu yake ya faida hata kama hajaipokea. Uliza pia faida inagawanywaje: kwa ngazi ya miaka, ambapo mbia hupanda kadiri anavyokaa, au kila mmoja anavuna alichopanda? Mfumo wa kwanza humfanya mtu amkabidhi mwenzake mteja bila kinyongo. Wa pili huwafanya watu walale na funguo za majalada yao. Miaka yako tisa inaweza kuwa imeshakuonyesha ni upi, hata bila kuambiwa.

Ukitaka kujua mtu anasaini nini anapoweka mtaji, kumbuka kilichotokea kwa kampuni ya mawakili ya Dewey & LeBoeuf ya New York, iliyofilisika mwaka 2012. Ilikuwa na zaidi ya mawakili elfu moja, na ilikuwa imewaahidi baadhi ya wabia malipo makubwa ambayo mapato hayakuyatosha. Mamia ya wabia wa zamani walikubali kurudisha sehemu ya fedha walizokwisha lipwa. Wengine walikuwa bado wanalipa mkopo wa benki waliouchukua kuweka mtaji katika kampuni ambayo haikuwepo tena.

Unasema miaka mitatu zaidi itakuwa ni kusubiri. Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa miaka ya kujijengea jina la mbia mbele ya wateja, na jina hilo utaondoka nalo popote. Mume wako anasema miaka tisa haitupwi, nami namwelewa, anakuona unavyorudi umechoka. Lakini miaka hiyo imeshakuingia mikononi na kichwani, na hakuna barua ya masharti inayoweza kuirudisha kwa kampuni.

Milango ile miwili nitaigusa kwa ufupi kwa sababu wewe mwenyewe umeigusa kwa ufupi, na hilo nalo nimeliona. Kwa mwanasheria mkuu utakuwa na mteja mmoja, jioni zako, na bosi mmoja. Siku akihama au bodi ikibadilika, kinga yako inahama naye. Wengi huwa na furaha huko. Kurudi kwenye ubia baadaye si rahisi, kwa kuwa hutakuwa na wateja wa kurudi nao. Ila jihadhari kuanzia leo: unazungumza kazi na mteja ambaye unashika majalada yake. Tazama kanuni za maadili za chama chenu cha mawakili zinasemaje, kabla mazungumzo hayajafika kwenye mshahara.

Kwa rafiki yako utakuwa mwenye mali tangu siku ya kwanza, na mwenye madeni pia. Muulize maswali yaleyale ya hesabu, hata kama mlikula na kulala chumba kimoja chuoni. Na usimguse mteja yeyote kumwambia "nifuate" ukiwa bado kwenye ajira. Mteja ana uhuru wa kuchagua wakili wake, lakini mawakili wengi wameshtakiwa na waajiri wao kwa sababu walianza kuwachukua wateja kabla ya kuaga.

Swali lako la mwisho lilikuwa Mzee. Uliandika "kumsaliti", na ni neno zito. Aliyekufundisha ulimlipa kwa miaka tisa ya kazi isiyo na dosari. Naomba ulipime deni hilo upya kabla ya kulilipa kwa maisha yako yaliyobaki. Kwa upande mwingine, ahadi ni deni, na yeye alikuahidi nafasi mezani. Ahadi za namna hiyo zimewahi kufika mbali: mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Elizabeth Hishon dhidi ya kampuni ya mawakili iliyomnyima ubia, ilisema kwamba kufikiriwa kwa haki kuwa mbia kunaweza kuwa sehemu ya masharti ya ajira iwapo aliahidiwa hivyo alipoajiriwa. Haikumpa ubia, ilimpa haki ya kusikilizwa. Sikuletei habari hiyo uende kushtaki. Nakuletea kwa sababu unaliona neno la Mzee kama fadhila, na inawezekana lilikuwa zaidi ya fadhila.

Unaweza kumwambia kila kitu, na kuna hatari: yeye ni mbia, ana wajibu kwa wenzake, na mmoja wa wanaokuita ni mteja wake. Unaweza kunyamaza kuhusu nafasi hizo na kuzungumza naye juu ya barua ya masharti tu, kisha akaja kusikia kwingine na akaumia. Njia ya katikati ni kumwambia kwamba una mengine unayoyafikiria, bila majina, na kumuuliza waziwazi kama yuko tayari kukukabidhi wale wateja, lini, na kama atalisema hilo mbele ya kikao. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu miaka mitatu ijayo, na hata uso wake kabla ya jibu. Siku tisa zikiwa chache, omba wiki mbili zaidi. Kwa kampuni iliyokusubirisha miaka tisa, wiki mbili si ombi kubwa.

Na zile saa tatu ulizoziacha wazi, mwanangu, nimezifikiria sana. Huna haja ya kunieleza kwa nini zinakukera. Siku ile ya kwanza mahakamani kuna mtu alikaa nyuma yako akikunong'oneza kifungu, naye pia alikuwa na lengo la saa la kutimiza. Ukienda kwa Mzee, kabla hamjagusa wateja wala mtaji, muulize siku ile aliiandika wapi. Kisha uniandikie tena, ningependa kujua alikujibu nini.